Tairi Zilizopikwa

Bomet,
4 Februari 1996

Nelvine mpenzi,

Barua hii inanuka grisi na najua utaishika kwa vidole viwili, mwalimu. Nimenawa na sabuni ya kufulia lakini grisi ya leo ni ya pikapu ya baba yako, na inaonekana imeamua kukaa.

Ndiyo, alikuja. Mzee Kimeli mwenyewe, na koti lake la kanisani, na kaka yako Weldon kwenye usukani. Hakuniita kwa jina. Aliniita "fundi", akazunguka gereji akikagua kila kitu hadi kalenda ya ukutani, kisha akasema anataka pikapu iinuliwe. Anasema njia ya kutoka shambani kwenu Roret hadi kituo cha majani chai mvua ikinyesha haipitiki, matope yanafika tumboni mwa gari. Tena anataka ibebe magunia mengi kuliko ilivyoumbwa kubeba.

Nilimweleza kwa heshima. Nikiongeza springi, gari itasimama juu, sawa, lakini kwenye kona italala upande upesi kuliko zamani. Na taa zitaanza kumulika miti badala ya barabara. Taa naweza kuzishusha, nitaisimamisha mbele ya ukuta nizipime kwa alama ya chaki hadi zitazame chini vizuri. Kona za Roret siwezi kuzinyoosha. Weldon alicheka sana. Mzee hakucheka. Aliniambia, "Wewe fanya. Ukifanya mzuri, tutaongea ile maneno ingine." Maneno hayo mengine ni wewe, kwa hiyo nikachukua spana.

Ameniachia pia rimu mbili nimtafutie tairi. Hapo nilimshika mkono nikamwonyesha, kwa sababu macho hudanganya. Kuna tairi nzima, na kuna ile kuukuu iliyovishwa ngozi mpya ya mpira na kuingizwa katika mashine ya moto mpaka ishikane. Hapa gereji tunaiita ya kupikwa. Meno yake marefu, inang'aa, mtu anaweza kuipenda kuliko ile nzima. Lakini ya kupikwa ni ya nyuma tu. Ukiiweka mbele, siku ngozi ikibanduka na una mzigo, usukani haukusikii tena. Mzee alisikiliza akarudia mwenyewe: "Ya kupikwa, nyuma." Akaniambia nikipata nzima nimpe nzima, nikikosa nimpe za kupikwa, mradi nimwambie ni zipi. Nilimpenda hapo. Wateja wangu wengi hawarudii chochote.

Unafikiri nimefaulu au nimeanguka?

Wako,
Phelix Mogaka


Siongiroi,
11 Februari 1996

Fundi wangu,

Hujafaulu na hujaanguka. Karatasi bado inasahihishwa. Weldon alipita hapa shuleni Ijumaa akaniambia baba alikula chakula chote kimya, kisha akamwuliza mama, bila mtu kutaja jina lako, kama Wakisii wanakunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Mama akasema mtu akiwa na kiu anakunywa chochote. Kwa baba yangu hayo ni mazungumzo marefu. Tangu mwaka ule wa vita vya mpakani hajapata kuuliza jambo lolote kuhusu watu wenu, ila kama wamerudi au wameondoka. Kwa hiyo tulia, unasonga mbele.

Weldon yuko upande wako kabisa. Anasema tangu uzipime zile taa anaona hata sungura barabarani, na kwamba kama mimi sikutaki yeye ataolewa nawe.

Juzi niliwapa darasa la tatu imla. Nikasoma polepole: Mama anapika ugali. Nusu ya darasa wameandika "Mama anabiga ugali", mmoja ameandika "anapiga" kabisa. Nilitaka kukasirika nikakumbuka nyumba niliyotoka. Chuoni mwaka wa kwanza walinisimamisha mbele ya wenzangu nitamke pipi na bibi mpaka machozi yakanitoka. Mama yangu ndiye bingwa. Kwake p na b, k na g, zote hupita mlango mmoja, na hakuna anayejali kwa sababu nyumbani tunaongea Kikipsigis chetu na Kiswahili ni cha sokoni.

Nakuambia haya ili usimcheke, maana anakuja. Siku ya soko ataleta kuku Bomet, na baba amemwagiza apitie kwako achukue tairi, kwa kuwa Weldon ana majani ya kupeleka. Vaa ile shati ya buluu. Na uongee naye, tafadhali, asirudi akisema nimempata bubu.

Wako anayekuombea,
Nelvine Chelangat


Bomet,
20 Februari 1996

Nelvine mpenzi,

Mama amekuja, mama ameenda, nami bado naishi.

Najua uliniambia niongee. Lakini kwetu kuna kitu tunakiita chinsoni, ile haya ya mtu na wakwe zake. Mama mkwe humtazami usoni, humsimamii karibu, huzungushi naye hadithi. Unamwambia lililo la lazima ukitazama pembeni, basi. Nilikuwa nimejiapia nitakuwa kijana wa kisasa. Alipoingia tu na kuku wake mmoja aliyebaki, akanisalimu, chamgei, shingo yangu yenyewe ikageuka nikaanza kuitazama jeki. Niliitazama jeki muda wote aliokuwa pale. Kama ukitaka kujua sura ya jeki yangu nikuchoree.

Nilimwagizia chai na mandazi akanywa akiwa amesimama. Ndugu yangu Ogeto, ambaye alikuwa amekuja kunitembelea, ndiye aliyembebea tairi na kuzifunga juu ya keria ya gari la Roret. Nilikuwa nimeshazivisha kwenye rimu na kuzijaza upepo, ziko tayari kufungwa. Ujumbe wa mzee nilimpa mama kwa maneno machache, mimi na jeki yangu, kisha nikakimbilia nyuma ya lori kama mwizi.

Ogeto anasema wakati wa kuondoka mama alimwambia, "Huyu ako na adabu." Nimemfanya Ogeto alirudie neno hilo mpaka amekasirika. Nelvine, nina furaha. Nimeona niiandike wazi, kwa sababu siku nyingi huwa nakuandikia mzaha tu.

Wako,
Phelix


Roret,
14 Machi 1996

Mogaka,

Weldon amekufa. Tulimzika Jumamosi nyuma ya nyumba, upande wa shamba la chai.

Najua umeshasikia, Bomet husikia kila kitu, lakini nataka uyasome kutoka kwangu. Alikuwa amebeba majani, amejaza hadi juu, anateremka kuelekea kiwandani. Watu waliokuwa wakichuma kando ya barabara waliona kipande cha mpira kikiruka kutoka gurudumu la mbele. Pikapu ikavuta kwenda ukingoni, na kwa vile ilikuwa imeinuliwa ilipinduka, ikapinduka tena. Alikuwa peke yake. Loice, jirani yetu, ndiye aliyefika wa kwanza, na anasema Weldon alimwuliza kama majani yamemwagika.

Askari wa kukagua magari alikuja akainama kwenye tairi, akasema zote mbili za mbele ni kuukuu zilizovishwa ngozi. Ni zile tairi zako. Weldon na baba walizifunga mbele kwa sababu ndizo zilizoonekana nzuri kuliko zote.

Hapa watu wanasema Mkisii amefanya makusudi. Baba hasemi hivyo. Baba anasema, "Alijua, na hakusema," na hilo linaniuma zaidi, kwa sababu baba si mtu wa kusingizia. Usije Roret. Kuna vijana wamekuwa wakiuliza banda lako liko upande gani wa soko.

Nakuuliza jambo moja. Ulijua ulichotupa? Nijibu kama vile Weldon amesimama hapo mbele yako.

Nelvine


Keroka,
24 Machi 1996

Nelvine,

Barua yako imenifuata hadi huku nyumbani. Polisi walinichukua siku iliyofuata ajali, na Ogeto amenitoa kwa dhamana. Nimeshtakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo. Kesi itasikizwa Kericho mwanzo wa Juni. Gereji imevunjwa na vifaa vimekwenda, na hilo silisemi ili unihurumie, nalisema ili ujue kwa nini sikujibu mapema.

Weldon nilimlilia ndani ya seli, mbele ya watu nisiowajua. Alikuwa ananiita shemeji kabla mtu yeyote hajaniruhusu kuitwa hivyo.

Sasa swali lako. Ndiyo, nilijua. Tairi zilikuwa za kupikwa. Nilizunguka nikakosa nzima, nikampa mzee zile alizosema nimpe nikikosa. Na nilisema. Nilimwambia mama yako, "Mwambie mzee, hizi zimepikwa." Mzee alikuwa anajua za kupikwa zinaenda wapi, alirudia mwenyewe kwa mdomo wake. Ilibaki kumwambia tu ni zipi, na nilimwambia.

Laiti ningesema mara mbili. Ningesema na "nyuma". Ningemgeukia mama nikahakikisha ameshika. Hayo nitayabeba. Lakini kusema nilisema, Nelvine. Tafadhali muulize mama. Wewe ukishajua, hata wengine wasiponiamini nitaweza kulala.

Phelix


Roret,
11 Aprili 1996

Phelix,

Shule zimefungwa, niko nyumbani. Nimemwuliza.

Ilikuwa mchana, mama anachambua mboga, baba ameketi mlangoni na redio isiyo na betri. Nilimwuliza mama yule fundi alisema nini siku ile ya tairi. Hakufikiri hata kidogo. Akasema alimwambia zimepikwa, naye akamfikishia baba neno hilo hilo kwa Kiswahili, jinsi fundi alivyolisema, kwa sababu ni neno la gereji na katika Kikipsigis halijui. Akamgeukia baba ili alithibitishe. Akalitamka. Na Phelix, mama hakusema zimepikwa. Mdomo wake ulisema zimebigwa.

Nilimwona baba akilisikia. Nilimwona akilisikia mara ya pili, na hapo nikajua siku ile ya kwanza alisikia nini. Tairi zimeletwa kwenye rimu, ngumu, zina upepo. Mke wake anasema zimepigwa. Zimepigwa pampu, ziko tayari, mzigo wa kwanza zinaweza. Baba aliniambia baadaye kwamba siku ile yeye mwenyewe alimwuliza, "Zimepigwa?" Mama akajibu, "Ndiyo, zimebigwa." Wakakubaliana, kila mtu na lake, na Weldon akaleta spana. Baba alidhani umempatia zile nzima.

Mama bado hajui. Kwa masikio yake alisema neno lile ulilompa. Kwa hiyo anajua jambo moja tu: kwamba alimwambia mume wake na mume wake hakujali. Alimtazama baba akamwuliza, polepole, "Si nilikuambia?" Nami nilifungua mdomo niseme, na baba akanitangulia. Akasema, "Uliniambia. Nilipuuza."

Alinifuata shambani baadaye. Akanikataza. Amesema mama asijue kamwe, si kwangu, si kwa mchungaji, si kwa mtu yeyote wa mahakama. Nikamwuliza, na Phelix je? Alishika jani la chai akalikunja kunja mpaka likaisha.

Sasa unajua ninachokijua. Najua huna hatia ya kunyamaza, na sitakuja Kericho kulisema. Nikilisema, mama atajua ni neno kutoka kinywani mwake lililompeleka mwanawe barabarani. Sipati njia ya kukuokoa ambayo haimpitii yeye. Nichukie kama utaweza, mimi ningekuchukia.

Nelvine


Keroka,
18 Aprili 1996

Nelvine,

Nimeisoma barua yako nikaitupa kwenye mgomba, kisha nikaenda kuitafuta.

Nimekasirika. Nataka ujue hivyo, usidhani mimi ni mtakatifu. Baba yako anampenda mke wake, vizuri, anamsitiri. Lakini anamsitiri kwa ngozi yangu. Mama asilie, mimi nifungwe? Huku kwetu mama yangu naye ana masikio. Anaenda kisimani na wanawake wanamwuliza kama ni kweli mwanawe alimuua mtoto wa Mkipsigis. Yeye nani anamsitiri?

Na nyumbani kwenu mzee anajifanya shujaa mbele ya mama, "Nilipuuza", halafu barabarani Roret anawaacha watu waseme fundi hakusema. Achague moja.

Nitamwomba hakimu amwite mama yako. Atamwuliza nilimwambia nini, naye atajibu, maana yeye hajui kusema uongo. Wasikie wenyewe neno linavyotoka. Nisamehe. Nimejaribu kutafuta njia nyingine usiku na mchana na mimi pia sijaipata.

Phelix


Roret,
28 Aprili 1996

Phelix,

Una haki. Sitakuomba usifanye.

Nimempa baba barua yako aisome, ile sehemu ya shujaa pia. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Nilingoja anifokee. Aliniuliza tu kesi ni tarehe ngapi, na kama mama anaweza kupata mahali pa kuketi pale mahakamani, kwa sababu miguu inamvimba.

Narudi Siongiroi kesho shule ikifunguliwa. Siwezi kuja kuona.

Nelvine


Keroka,
6 Juni 1996

Nelvine,

Nimeachiliwa. Nakuandikia siku hii hii kabla sijala.

Mama yako alikuwa pale, benchi ya pili, kitambaa cheupe kichwani, mikono mapajani. Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa na maneno yangu yote, "Mheshimiwa, naomba mama huyu aitwe." Lakini walianza na mzee kama mwenye gari.

Alisimama vizuri. Mwendesha mashtaka akamwuliza kama fundi alimfahamisha aina ya tairi. Nilijua jibu, nimeliishi miezi hii yote. Mzee akasema, "Alinifahamisha." Mwendesha mashtaka akadhani hakusikia swali, akaliuliza tena. Mzee akamjibu kwa sauti ya mtu anayeongea na mtoto: "Huyu kijana alituma neno. Bibi yangu alinifikishia sawasawa, vile alitumwa. Mimi ndiye nilikuwa na haraka ya majani. Niliona ni tairi nzuri kwa macho, nikaambia kijana yangu aweke mbele. Fundi alikuwa amenikataza."

Nilimtazama mama yako, Nelvine. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa akitikisa kichwa polepole, ndiyo, ndiyo, kwa kila neno la mzee, na machozi yanamtiririka, kwa sababu hatimaye anasikia mbele ya watu kwamba yeye alifanya alichotumwa.

Hakimu akanigeukia. Akaniuliza kama nina swali kwa shahidi. Nilikuwa nimesimama. Mzee alikuwa akinitazama, si kwa kuniomba, ananitazama tu kama mtu aliyemaliza kazi yake. Na nilijua uongo wake ulikuwa mmoja tu: kwamba neno lilimfikia sawasawa. Nikasema sina swali.

Hakimu alimkemea mzee vikali, akasema ni bahati yake kwamba amekwisha kuadhibiwa kuliko mahakama inavyoweza. Polisi wanasema wataliangalia jambo lake upya, anatakiwa kuripoti kituoni. Tulipotoka nje nilimfuata. Nilitaka kumwambia kitu, sijui kitu gani. Mama alikuwa ametangulia mbali, hakumngoja. Mzee akaniambia, "Umenyamaza vizuri," akavaa kofia.

Nimekuwa nikimwita mwoga moyoni tangu Aprili. Nimekosa hata kumwomba radhi.

Phelix


Siongiroi,
21 Juni 1996

Phelix,

Nilikuwa nyumbani wiki iliyopita. Nilingoja kwanza nitulie ndiyo niandike.

Jina lako limesafishwa, hilo uliweke moyoni. Mzee wa duka la Roret, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema Mkisii, sasa anasema siku zote alijua wewe ni mtu mwaminifu. Hata wale vijana wa kuuliza banda wamegeuka, wanasema Mzee Kimeli alimuua mtoto kwa tamaa ya magunia. Kanisani wamemwomba apumzike kidogo katika kamati ya wazee. Alijibu asante. Watu wakipita kwenye lango letu hawaingii tena kunywa chai, na wakimkuta njiani wanasalimu wakitembea.

Mama hamsemeshi. Anampikia, anamfulia, lakini chakula anakiweka mezani na kutoka. Kule mahakamani alimsikia kwa masikio yake, na sasa anayo hakika. Ameniambia hawezi kumsamehe, kwamba angeweza kama baba angesema alisahau, au hakuelewa. Lakini baba amesema alijua. Aliniuliza, "Mtu anaambiwa na mke wake, anaambiwa vizuri, halafu anafanya hivyo kwa mtoto?" Nilikuwa nakata kitunguu. Nilishukuru kwamba ni kitunguu.

Baba sasa anakaa nje siku nzima, karibu na ghala, pale mabaki ya pikapu yalipowekwa. Nilimwendea. Nikamwambia wewe umeachiliwa, hakuna wa kufungwa tena, kwa nini asimwambie mama ukweli nyumbani tu, kwa upole, waombolezee pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi anaweza kunichukia na bado akalala. Akijichukia mwenyewe hatalala." Kisha akaniuliza kama watoto wangu wa darasa la tatu wamepata vitabu.

Nampenda baba yangu na sikuwahi kujua ni kiasi gani. Na kila ninapomwona mama akimpita bila kumtazama nataka kupiga kelele, na sipigi.

Sasa hili ndilo nililotumwa. Mama anataka uje. Atakukubali, amekwisha kumwambia Loice na mashangazi wote. Anataka uje na Ogeto na wazee wenu, mwongee yale maneno, amekuwekea kuku. Nilimwuliza kama hata baba ameulizwa, akasema wa kuulizwa ni yeye. Nayanakili maneno yake kama alivyosema: "Mwandikie yule kijana aje. Katika watu wote wa mambo haya, ni yeye peke yake aliyeniambia ukweli."

Niambie, Phelix. Utaweza kuketi ndani ya nyumba ile, mama akikupakulia na kukusifu, na baba yuko nje peke yake, na mimi na wewe tunajua? Sikulazimishi. Nikipata jibu la hapana nitalielewa. Mimi mwenyewe sijui kama nitaweza, na pale ni kwetu.

Nelvine


Keroka,
27 Juni 1996

Nelvine mpenzi,

Nitakuja Jumamosi ya kwanza ya Julai. Wazee wetu watafuata wakati wao. Safari hii nakuja peke yangu.

Mwambie mama nimeshukuru, na kuku asimchinje bado. Naomba chai tu. Mwambie nikifika nitakwenda kwanza kule ghalani, na anisamehe, chai yangu ailete huko nje mwenyewe. Vikombe viwili.

Wako,
Phelix Mogaka